Jiko Lililomezwa na Kambi

Kule Rasi ya Kobe, watu wa rika la Pi-hua hawaonyeshi kitu kwa kidole. Wanaonyesha kwa kidevu. Wakati visiwa vya Matsu, vinavyotawaliwa na Taiwan, vilipokuwa chini ya sheria ya jeshi, ukinyoosha kidole kuelekea kambini ungeweza kuulizwa unamwonyesha nani, na mikono ya watu ikajifunza kukaa mifukoni. Kwa hiyo ukimuuliza mtu nyumba ya kina Tsao ni ipi, ataunyanyua uso kuelekea kilimani, ndani ya ukuta wa kambi, ambako katikati ya majengo ya zege kuna paa moja la vigae vilivyokandamizwa kwa mawe yasije yakabebwa na upepo. Ndiyo hiyo. Tsao Pi-hua alizaliwa humo, akatolewa humo angali mtoto wa kubebwa mgongoni, na maisha yake yote yaliyofuata aliitazama kutoka chini, kama mtu anavyotazama chakula kilichowekwa juu ya kabati.

Jeshi halikusema linaichukua. Lilisema linaiazima. Ulikuwa mwaka ule mizinga ya adui wa bara, ng'ambo ya maji, ilipokuwa ikivuma kila siku, na afisa mmoja alifika mlangoni na kumwambia baba yake, Tsao Yi-mu, kwamba rasi yote itahitajika kwa muda. Yi-mu alikuwa mvuvi wa uduvi, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Alimwamkia afisa, akaikunja mikeka, akawahamishia watu wake kwenye chumba cha mjomba wa mkewe karibu na ufuko. Mwenye nguvu mpishe. Kambi ikajengwa kuizunguka nyumba: mahandaki, mashimo ya mizinga, mabweni, tangi la maji. Nyumba ikabaki katikati kama punje ndani ya ganda.

Pi-hua alipokuwa na miaka tisa, ukungu wa masika ulimkuta baba yake baharini. Mkondo ukamchukua mpaka upande wa pili, upande wa adui, ambako kabla ya vita alikuwa akienda kuuza uduvi asubuhi na kurudi jioni. Kule walimweka, wakamhoji, wakamlisha, kisha wakampa mfuko wa mchele na kumwachia arudi na mashua yake. Kosa lake likawa huo mchele. Adui hakupi mchele bure, walisema wa huku. Umewaambia nini? Wamekutuma nini?

Hakuna aliyeiambia familia amefungwa wapi. Lakini siku mbili baada ya kukamatwa, Pi-hua akiwa ufukweni anasaidia kuanika uduvi, alitazama juu akaona dirisha la jiko lao, lililokuwa jeusi siku zote, limekuwa jekundu kwa matofali mapya. Akamvuta mama yake upindo wa nguo. Mama akatazama mara moja, akainama tena kwenye uduvi, akasema, "Fanya kazi."

Kuanzia hapo mtoto alipeleka bakuli la chakula cha baba yake kwenye lango la kambi kila siku mchana. Askari alilipokea, akalirudisha tupu. Msimu wa uduvi ukapita, joto likaja likaondoka, na pepo za kaskazini zilipoanza ndipo Yi-mu akatoka. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa hayatulii juu ya kitu. Kuhusu mahali pale alisema jambo moja tu, usiku huohuo, akimwambia mkewe, na Pi-hua akalisikia kutoka kitandani. Kesho yake mama alimchukua hadi hekaluni kwa Mama wa Bahari, mungu wa wavuvi, akamshikisha ubani unaowaka, akamwapisha kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwake. Mwaka uliofuata akazaliwa mdogo wake, Teng-yuan, ndani ya nyumba iliyokwisha kunyamaza.

Doa lile halikufutika. Pi-hua alipofika umri wa kwenda Taiwan kufanya kazi viwandani, kama walivyokuwa wakienda wasichana wote wa rika lake, aliomba kibali cha kutoka kisiwani na akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Karani, mama mmoja mwenye huruma, alimwambia, "Mwanangu, usijisumbue. Si wewe. Ni jina." Rafiki yake Hsiu-lien alikwenda, akamtumia picha amesimama kando ya baiskeli huko Taoyuan, amekata nywele. Pi-hua aliitundika ile picha kwa muda, kisha akaitoa.

Akaolewa na Liu Mu-fa, fundi wa mashua, mtu mpole aliyekufa mapema. Akafungua mgahawa chini kidogo ya lango la kambi, akawa anapika tambi kwa pombe nyekundu ya mchele, chakula cha kumrudishia mtu joto. Wateja wake walikuwa walewale wa kambini. Hilo watoto wake, ambao baadaye walihamia Taiwan, hawakuona ajabu, lakini yeye lilimuuma kwa namna yake. Kwa sababu aliwapenda. Walikuwa vijana wa kuchaguliwa kwa kura, waliovuta karatasi mbaya wakaletwa huku kwenye upepo, na wengine walilia juu ya bakuli.

"Mama, niongeze pombe kidogo," angesema mmoja.

"Ukilewa utaanguka kwenye handaki."

"Nikianguka si nitarudishwa nyumbani?"

"Utarudishwa jikoni kumenya viazi. Kula."

Sheria ya jeshi ilipoondolewa, vibali vikafutwa, na mtu yeyote akawa huru kupanda meli. Pi-hua hakupanda. Mama yake alikuwa mgonjwa, kisha mgahawa, kisha magoti. Mtu aliyefungiwa sana mlango, ukifunguliwa huwa hana tena pa kwenda. Teng-yuan ndiye aliyeondoka, na mara chache aliporudi alikaa kama mgeni. Huko Taoyuan alifungua duka la vigae na masinki, likashika. Kidogo kidogo askari nao wakapungua kisiwani, mpaka mwaka mmoja lango la Rasi ya Kobe likafungwa kwa mnyororo na majani yakaanza kuota juu ya mizinga.

Ndipo ikaja sheria ya kurudishia watu ardhi yao. Teng-yuan aliomba nyumba kwa jina lake na la dada yake. Jibu likawa kwamba kabla ya chochote kurudishwa, ofisi ya utamaduni itaipima kambi nzima, jengo kwa jengo, ijulikane lipi lina thamani ya kihistoria na lipi halina. Lenye thamani litahifadhiwa na serikali lilivyo. Lisilo nayo litarudi kwa mwenyewe au litabomolewa.

Wapimaji walikuja masika, wawili. Profesa Kuo, mzee mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa ameandika sana juu ya ngome za visiwani. Wa pili alikuwa Chiu Wan-ju, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msanifu majengo kutoka Taichung, aliyevaa buti za matope na kusema kwa sauti ya chini. Wenyeji walitakiwa wamtoe mtu wa kuandamana nao, na mwenyekiti wa kijiji akamtaja Pi-hua.

"Kwa nini mimi?" Pi-hua aliuliza.

"Wa umri wako waliobaki ni wanne," mwenyekiti alisema. "Mmoja haoni, mmoja hasikii, na mzee Liu akianza kuongea hanyamazi. Wewe una miguu na una mdomo unaofungika."

Teng-yuan naye akaja kwa ndege, akiwa na futi ya chuma mfukoni na michoro aliyochorewa na kijana mmoja wa kompyuta. Aliuweka mkoba wake kwenye chumba cha juu cha dada yake, akasema ataondoka baada ya siku mbili.

Siku ya kwanza walipita majengo ya zege. Pi-hua alitegemea kwamba wapimaji wangeuliza vita gani vilipiganwa hapa, na kwa kuwa hapakuwa na vita vikubwa, wangeandika kwamba hakuna kitu na kwenda zao. Haikuwa hivyo. Waliuliza nani alilijenga, kwa mawe ya wapi, limebadilishwa mara ngapi, na kama lingebomolewa leo ni jambo gani ambalo watu hawatalijua tena. Wan-ju alilala kifudifudi ndani ya shimo la mzinga kutazama jinsi zege lilivyomwagwa. Choo cha askari kilipata sifa kubwa, kwa sababu mafundi wake walikipa ukuta wa nje uliofanana na mwamba, na ukiwa baharini usingekijua.

"Kwa hiyo choo kitakuwa urithi wa taifa," Teng-yuan alisema.

"Kuna makasri mengi, bwana Tsao," Profesa Kuo alisema bila kucheka. "Vyoo vya namna hii vimebaki vichache."

Mbele ya nyumba ya kina Tsao, profesa alisimama muda mrefu, akatikisa kichwa. Nyumba, alisema, ilikuwa nzuri kwa asili yake, lakini ilivurugwa. Sakafu imeinuliwa, ukuta wa kati umevunjwa, juu ya mlango kumeandikwa wito wa jeshi kwa rangi nyekundu. Si nyumba ya mvuvi tena na si jengo la jeshi. Kwa maoni yake ilifaa itolewe nje ya mpaka wa eneo litakalohifadhiwa, irudishwe kwa wenyewe.

Teng-yuan alimtazama dada yake, akatabasamu kama kijana.

Pi-hua hakuwa ameingia humo tangu alipotolewa amebebwa mgongoni. Aliingia nyuma ya wengine, akakaa karibu na mlango. Jikoni Wan-ju alipitisha mkono kwenye kizingiti, akainama.

"Komeo liko nje," alisema. "Na dirisha limezibwa. Jiko la nini hili la kufungwa kwa nje?"

"Ramani ya jeshi inasema ghala la viazi," profesa alisema.

"Basi walimwogopa nani?"

"Wao kwa wao," Teng-yuan alisema. "Askari wa njaa na viazi, hapo lazima komeo."

Wote wakacheka kidogo. Pi-hua akasema magoti yanamuuma, akatoka kusubiri juani.

Usiku ule mdogo wake alitandaza michoro juu ya meza ya mgahawa. Itakuwa nyumba ya kulaza wageni. Ukumbi wa chai hapa, vyumba vinne, kioo kikubwa upande wa bahari. Alikuwa na furaha, na Pi-hua, aliyemwona na furaha mara chache, alimkaangia samaki kwa machicha mekundu ya pombe na kumsikiliza. Ndani ya kifua chake mambo mawili yalikuwa yakisukumana. Akinyamaza, watu watalala jikoni mule, watapiga picha, watakula kifungua kinywa. Akisema, nyumba aliyoiota mdogo wake itakuwa ya serikali, na jiko lile, ambalo yeye angefurahi kuliona limekuwa kifusi, litatiwa dawa na kuwekewa nguzo lisianguke milele. Alilala ubavu mmoja, akalala wa pili.

Siku iliyofuata ukungu ulianza kushuka. Wapimaji waliirudia nyumba kwa ajili ya vipimo vya mwisho, na Teng-yuan, aliyekwisha kujiona mwenyeji, aliwatembeza. Walipofika jikoni aligonga ukuta kwa kiganja.

"Hiki ndicho chumba cha bei," alisema. "Kuta nene hivi, hakuna dirisha. Wageni wa mjini wanalipia kimya. Sikilizeni. Humu hata bahari huisikii."

"Baba alisema hivyohivyo," Pi-hua alisema.

Hakuwa amekusudia. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida.

"Alisema lini?" Teng-yuan aliuliza. "Baba alikuwa hataki hata kukitazama kilima hiki."

"Alipotoka humu. Alimwambia mama, 'Humu hata bahari huisikii. Sikujua maji yanajaa au yanakupwa.' Ndilo alilosema. Hakusema lingine."

Akawaeleza. Ukungu, mchele, matofali, bakuli. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, na alipomaliza Wan-ju alikuwa ameishusha futi yake, na kalamu yake ilikuwa mfukoni. Profesa Kuo alivua kofia. Teng-yuan alitoka nje, na hatua chache tu toka mlangoni ukungu ukammeza.

Wan-ju ndiye aliyemshika Pi-hua mkono kushuka ngazi.

"Shangazi, sitakudanganya," alisema. "Nimesikia, lakini sijaandika. Nikiandika, nyumba hii haitatolewa tena nje ya mpaka. Itakuwa nzito kuliko mizinga yote ile. Nisipoandika, profesa atapendekeza irudi kwenu, na mimi nitanyamaza. Mkutano wa wananchi utafanyika kabla hatujaondoka. Amua wewe na ndugu yako."

"Binti, kwa nini uniachie mimi?"

"Kwa sababu ni baba yako."

"Afadhali ungeandika tu, nikulaumu."

Ukungu ulikaa. Ndege hazikuruka wala meli hazikutoka, na Teng-yuan, ambaye angeondoka mara moja kama angepata njia, alibaki amekwama chini ya paa moja na dada yake. Alipanda chumba cha juu, akashuka, akaenda gatini kuuliza habari za meli, akarudi amelowa. Madirishani palikuwa peupe tupu, kana kwamba nyumba imefungwa kwa pamba.

Hatimaye, wakiwa wanachambua uduvi mezani, alisema, "Unakumbuka ule mlango?"

"Mlango gani?"

"Wa chumba chetu ufukweni. Baba hakutaka ufungwe. Kaskazi inaingia mpaka kwenye mifupa, mama anakohoa, na mlango uko wazi. Nikaufunga. Nilikuwa na miaka minane. Alinipiga kofi, kisha akachukua mkeka akaenda kulala gatini kwenye baridi. Kesho yake nikamwita mwendawazimu mbele ya watu wote. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeapa, Teng-yuan. Mbele ya Mama wa Bahari."

"Mama yetu amekufa miaka mingapi sasa? Aliyekuapisha hayupo. Mimi nimeishi nikijua kwamba baba yangu alinichukia. Sikumzika kwa moyo. Nilisimama pale natazama saa."

Jambo likilala sana moyoni huota mizizi, na ukilivuta hutoka na nyama. "Sikujua namna ya kuanza," Pi-hua alisema. "Ungekuwa unakuja, huenda ningeanza."

"Basi ni kosa langu."

"Sijasema hivyo."

Kesho yake asubuhi alimwambia dada yake wapande kilimani. Walikwenda wakishika ukuta kwa kupapasa. Jikoni Teng-yuan aliingia mpaka kona ya ndani, akakaa chini sakafuni na koti lake zuri.

"Funga," alisema.

"Usinifanyie hivyo."

"Funga, dada. Kwa nje."

Alifunga. Komeo lilikuwa na kutu, likalia, likaingia. Akasimama na mkono wake juu ya chuma, akisikiliza. Aliisikia bahari chini ya mwamba, akasikia matone yakianguka kutoka vigae. Kutoka ndani hakusikia kitu. Alimwita, hakuitikiwa. Alingoja kidogo, kisha akalipigapiga komeo mpaka likaachia.

Teng-yuan alikuwa amesimama nyuma ya mlango kabisa, uso umemvimba.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita sana."

"Sikusikia. Haki ya Mungu, sikusikia."

Walishuka polepole, na njiani alikubali kushikwa mkono. Pi-hua akadhani yameisha. Akadhani mdogo wake sasa ataona anavyoona yeye.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kando ya hekalu, watu wakiwa wamelowa na kunuka sufu mbichi. Profesa alisoma mapendekezo: mashimo ya mizinga yahifadhiwe, mahandaki yahifadhiwe, choo kihifadhiwe. Kuhusu nyumba, alisema, kuna maelezo mapya ambayo wenyewe ndio wenye kuyatoa au kutoyatoa. Akaketi.

Teng-yuan alisimama wa kwanza. Pi-hua alitazamia atazungumzia ardhi na wageni. Hakugusa hayo.

"Baba yetu aliwahi kufungwa katika nyumba ile," alisema. "Nimelijua juzi. Wengi wenu nadhani mlilijua siku zote. Nyumba sitaki tena, sitalaza mgeni humo. Lakini ninawaomba msiandike. Alifungwa humo mara moja. Mkibandika kibao, mtamfunga tena, na safari hii hatatoka. Watu watashuka kwenye basi, watatazama, watauliza kama alikuwa jasusi. Bomoeni. Mimi nitalipa gari."

Mzee Liu, yule asiyenyamaza, alisema kutoka nyuma, "Kila nyumba hapa ina lake. Mkianza na la Tsao, mtaishia na la nani? Mimi kaka yangu alipigwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Walidhani ataogelea nao mpaka bara. Mtaweka kibao cha mpira?"

Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mama mmoja aliinuka akaondoka.

Pi-hua alisimama kwa kushika kiti cha mbele yake. Maneno ya mdogo wake yalikuwa yamempenya, na kwa kitambo alitaka kukaa tu na kukubali. Kubomoa ndiko alikokuwa akikutamani tangu utoto. Lakini alimwona profesa na ramani yake magotini.

"Ndugu yangu amesema vizuri kuliko nitakavyosema," alisema. "Mimi pia napenda libomolewe. Lakini likibomolewa, lililobaki ni ramani, na ramani inasema ghala la viazi. Nilipeleka bakuli mpaka pepo zikageuka. Sikuwa napelekea viazi." Akageuka kwa Wan-ju. "Andika, binti."

Teng-yuan hakumtazama. Aliutazama mlango wa ukumbi, uliokuwa wazi.

Ukungu uliondoka siku iliyofuata, na yeye akaondoka nao. Pi-hua alimfungia mikate ya ufuta na chupa ya pombe nyekundu. Mikate aliichukua, chupa akaiacha mezani.

Kambi ilitangazwa urithi mwaka huohuo, nyumba ikiwa ndani ya mpaka. Mafundi walikuja wakaimarisha paa, wakapulizia dawa mbao za jikoni, na komeo lile wakalisugua kutu na kulipaka mafuta, kwa kuwa ni la asili na haliruhusiwi kubadilishwa. Wan-ju alimtumia Pi-hua maandishi ya kibao kabla hayajachongwa. Yalisema kwamba katika chumba hiki alizuiliwa mvuvi mmoja mwenyeji wa hapa, mwenye nyumba.

"Hana jina?" Pi-hua aliuliza kwenye simu.

"Jina linahitaji idhini ya warithi wote, Shangazi. Yako tunayo."

"Na yake?"

"Amekataa. Nimempigia mara mbili. Ananijibu kwa adabu, anakataa."

Kwa hiyo kibao kiliwekwa hivyo, na basi za watalii zikaja. Ofisi ilimwomba Pi-hua awe anawaeleza wageni siku za Jumamosi. Alikataa, lakini wageni wenyewe walishuka mpaka mgahawani, wakala tambi, kisha wakamuuliza kama aliwahi kumjua yule mvuvi. Siku nyingine alijibu. Siku nyingine alisema ana sufuria jikoni. Mmoja, kijana wa heshima, aliuliza kweli kama alikuwa jasusi, na Pi-hua akalirudisha bakuli lake kabatini bila kumhudumia, halafu akajuta kwa kuwa kijana hakuwa na ubaya. Ndivyo mdogo wake alivyosema itakuwa. Alikuwa amesema kweli, na yeye pia alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na njia ya kutokea katikati ya kweli hizo mbili.

Walizungumza mwaka mpya, kwa simu, habari za samaki na shinikizo la damu. Kabla ya kukata, Pi-hua aliuliza, "Ile karatasi ya jina?"

"Bado, dada."

"Haya."

Msimu wa vuli mwana wa kwanza wa Teng-yuan alioa, na mwaliko ukaja na tiketi ya ndege ndani yake. Pi-hua alifunga mgahawa, akavaa koti la bluu la marehemu mama yake, akaenda Taoyuan, mji aliokuwa ameuomba akiwa msichana akanyimwa. Ulikuwa mkubwa na mchafu kuliko katika ile picha ya Hsiu-lien. Ukumbini mdogo wake alimpokea mlangoni mwenyewe, akampeleka meza ya mbele, akamketisha kwenye kiti ambacho angekikalia mama yao kama angekuwa hai.

Baba wa bibi harusi, mtu mcheshi wa kusini, alimmiminia chai. "Kwa hiyo ninyi ni watu wa visiwani," alisema. "Mzee wenu alikuwa akifanya nini huko?"

Pi-hua alimtazama Teng-yuan. Teng-yuan alikuwa amekwisha kuinua kikombe, akakishusha.

"Mvuvi," alisema. "Wa uduvi. Aliitwa Tsao Yi-mu."

"Kazi ngumu," yule mtu alisema.

"Ngumu sana," Teng-yuan alisema, na chakula kikaletwa. Alimchagulia dada yake kipande cha samaki karibu na shavu, kilicho laini, akamwekea bakulini. Kuhusu karatasi hakusema kitu, naye hakumuuliza. Siku ya tatu Pi-hua akapanda ndege kurudi nyumbani, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi wageni huja mapema.